Komando, Mkate na Panya wa Mlimani

Redio ya Mama Kahawa ilikuwa imemaliza tu kutangaza kwamba wanaopanda milima na kulala kambini wajihadhari na maradhi ya panya. Komando, mlinzi wa ghala aliyerudi kutoka mlimani wiki iliyopita, akacheka mpaka akakohoa.

"Eti panya! Mwanaume mzima aogope panya?"

"Hakuna aliyesema uogope," Fundi Cherehani akamkata. "Wamesema usilale penye mavi yao. Wewe ulilala wapi?"

"Kibanda cha zamani kule juu. Mavi yalikuwepo, tena tele! Nikavunja tawi, nikafagia, vumbi mpaka darini. Nikalala fofofo."

Mama Kahawa akatua birika. "Umefagia makavu? Si wamesema sasa hivi: fungua mlango hewa ipite, lowesha kwa dawa, vaa glavu, ndiyo ufute! Ukifagia makavu unavuta vumbi la mikojo yao. Hayo masikio ni ya kuwekea kofia?"

"Na chakula?" nikauliza. "Ulikifungia kwenye kopo?"

"Kopo la nini? Wale wenzangu niliopanda nao ni wezi, mkate niliulalia. Asubuhi nikakuta panya wameung'ata pembeni. Nikakata pale walipong'ata, nikala uliobaki."

Fundi akavua miwani, akamkagua juu mpaka chini. "Kwa hiyo mmekula pamoja, mmelala pamoja. Komando gani wewe? Wewe shemeji yao!"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Komando hakucheka. Amejikunyata ndani ya koti, jua linawaka, kikombe kinamtetemeka mkononi. Hapo nikaingiwa na hofu, maana mjinga huyu tunampenda.

"Nenda zahanati," nikamwambia, "na useme ulilala na panya."

"Siwezi. Nesi pale ni mke wangu. Alinikataza mlima, nikamwambia naenda kumzika mjomba."

"Utakufa kwa kulinda uongo, mpumbavu wewe!" Mama Kahawa akamfokea, simu tayari iko sikioni. "Shoga, mumeo anaungua homa. Hakwenda mazikoni, alilala na panya mlimani... Ehee... Nani?... Haya, nitamwambia."

Akakata simu. Komando akauliza kwa sauti ndogo, "Anasemaje?"

"Uende sasa hivi, usichelewe. Foleni ni ndefu, lakini usiwe na wasiwasi. Marehemu mjomba wako amekuja kupima presha, anakushikia nafasi."