Uzi Juu ya Mfalme

Mtu mmoja mjini alijiita Daktari. Daktari wa nini? Wa uongo, tena bingwa. Mali yake yote duniani ilikuwa koti moja jeusi, na mtaji wake ufunguzi mmoja wa sataranji: malkia huku, askofu kule, hatua nne tu, mfalme wa mwenzako kafa. Hatua ya tano hakuijua.

Asubuhi hiyo alichungulia kibanda cha fundi nguo, akaona ubao wa sataranji na cherehani mpya inayong'aa. Mate yakamjaa.

"Fundi, na wewe unacheza?"

"Mimi? Mtaa mzima wananikimbia!" Kwa majigambo, fundi naye hakuwa haba.

"Basi koti langu kwa cherehani yako."

Fundi alilipapasa koti, macho yakamtoka. Tamaa mbele, mauti nyuma, lakini nani alijali?

"Sheria ni moja," Daktari akasema, akikohoa kama hakimu. "Ukigusa, umecheza: kete uliyoigusa lazima uisogeze. Hakuna cha samahani wala bahati mbaya." Kwa sheria hiyo alikuwa amewanyonga wengi wenye mikono ya kutetemeka.

"Kabisa, ndugu yangu. Ukigusa, umecheza!" fundi akaitikia kwa sauti, waliojazana dirishani wasikie.

Daktari akamsogeza askari aliye mbele ya mfalme. Fundi naye vilevile. Kisha fundi akajinyoosha, na kipande cha uzi mwekundu kikamdondoka mkononi, kikatua juu ya mfalme mweupe wa Daktari. Daktari, mtanashati asiyevumilia hata vumbi, akautoa kwa ncha za vidole.

"Umegusa mfalme."

"Aa! Si nilikuwa natoa uzi?"

"Hakuna cha samahani wala bahati mbaya."

Dirishani wakaangua kicheko. Mfalme akasogea hatua moja mbele, mahali pekee alipoweza kwenda, akaziba njia zote mbili: malkia hapiti, askofu hapiti. Ufunguzi ukafungwa na mwenyewe. Yaliyofuata ni aibu hata kuyasimulia. Fundi hakuwa mchezaji wa maana, ila kumshinda asiyejua kitu hakuhitaji maana.

"Vua, ndugu yangu."

"Fundi, nakuomba. Bila koti nani ataniamini?"

"Vua."

Akavua. Lo! Shati lilikuwa kola na kifua tu, mgongo haukuwepo. Daktari akatoka kinyumenyume, akaambaa na ukuta wa jirani.

"Daktari!" fundi akamwita, tayari kalivaa koti. "Angalia usiuguse huo ukuta. Utatakiwa kuusogeza!"