Antivairasi ya Bure Mbele ya Mama Mkwe

Nimeaibika leo, tena kanisani, tena mbele ya mama mkwe. Naandika nikiwa nimejilaza kwa shemeji hapa Nyamuswa, viatu sijavua. Nitaeleza taratibu, maana nguvu ya kueleza haraka sina.

Nyumbani kwangu Musoma kuna kompyuta ya mezani. Ni ya siku nyingi, ikiwaka inaunguruma kama mashine ya kusaga. Mwezi uliopita ilipata kirusi. Nilikwenda stationari na flashi kuchapa makala, flashi ikarudi na mgeni. Mafaili yote yakageuka vialama vidogo visivyofunguka.

"Baba Neema," mke wangu akasema, "nunua antivairasi ya kulipia, yaishe."

Mtu mwingine angenunua. Mimi nina shahada, kwa hiyo nilifanya utafiti.

Nikasoma jioni nyingi hadi macho yakaniuma. Nikagundua kwamba ya bure inakamata virusi vilevile inavyokamata ya kulipia. Ukilipa unaongezewa tu mambo ya pembeni: ulinzi wa watoto mtandaoni, ulinzi wa akaunti ya benki, ulinzi wa kamera. Watoto wangu wako vyuoni. Akaunti yangu ya benki inajilinda yenyewe kwa kuwa tupu. Kamera ya ile kompyuta ilikufa zamani. Nilinde nini?

Fundi mmoja wa Bunda akanionyesha njia ya tatu. "Mzee, nakuwekea ya kulipia, ila bila kulipia."

"Hizo za kuiba si ndizo zinazokuja na virusi?"

"Zinakujaga navyo," akasema, "ila vichache."

Nikaweka ya bure. Nilijiona nimewashinda wazungu kwa hoja.

Kasoro yake ni moja: ya bure inaomba. Ukiwasha kompyuta, kisanduku chekundu kinaruka katikati ya kioo kukuuliza kama kweli unataka kuishi bila ulinzi kamili. Ukikiondoa, kinarudi. Kina sauti pia, ya mwanamke, Kiingereza laini cha uwanja wa ndege. Baadaye nikagundua kwamba nikikata intaneti, ananyamaza. Nikakata. Tukaishi kwa heshima, mimi na yeye.

Sasa tuje kwa mama mkwe.

Mama mkwe macho yake yanakwenda. Daktari alituambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakitakaa sana. Kwa sasa anaona vitu vikubwa vyenye mwanga, akivisogelea. Na kuna jambo moja amekuwa akilitaja kila tunapokuja: nyumba yao ya zamani iliungua, picha zote za marehemu mumewe zikaungulia humo. Sura ya mzee anaanza kuisahau.

Basi nikatafuta. Nikampata Butiama mzee mmoja aliyefanya kazi na baba mkwe kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa na picha ya wafanyakazi wamesimama mstari. Akaniazima, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikamrudishia. Nikamtoa baba mkwe peke yake, nikamfuta mikwaruzo usoni, nikamkuza. Mama akitimiza miaka themanini, nikasema, atamwona mumewe akiwa mkubwa kama ukuta.

Siku hiyo ilikuwa leo.

Asubuhi shemeji Wambura, kaka wa mke wangu, akaja na pikapu yake. Tukapakia kompyuta yote, tukaifunga kwa godoro. Tulipofika Kiabakari mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ile kitu ulilipia?"

"Iko sawa."

("Iko sawa" ni jibu la mwanamume ambaye hajalipia.)

Ibada ya shukrani ilifanyika kwenye kanisa dogo la jirani hapa Nyamuswa. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi, shuka jeupe likatundikwa mbele, projekta ikaazimwa. Waya wake ulikuwa mfupi, kwa hiyo kompyuta ikakaa mbele kabisa, hatua chache kutoka kiti cha mama mkwe.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Ukweni kwangu mkwe hamsogelei mama mkwe. Hapiti mbele yake, hamwambii jambo moja kwa moja. Akiwa na neno, analipitisha kwa mtu. Mahali pangu palikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango, mimi fundi wa shughuli nzima! Kompyuta akaachiwa Wambura, ambaye utaalamu wake wote ni gia na breki.

"Unabonyeza hapa tu, picha inabadilika," nilimfundisha.

"Profesa, mimi nimeendesha lori mpaka Kongo," akasema. (Profesa ni jina walilonipa ukweni. Sijawahi kuwa.)

Msemaji wa shughuli alikuwa Mwinjilisti Marwa. Huyu alifundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, na wageni wa kanisa wakija yeye ndiye mkalimani. Kazi hiyo imemwingia kwenye damu. Mtu akipiga chafya kwa Kiingereza, Marwa anaitafsiri.

Nikaitwa kusema neno. Nikasimama hukohuko nyuma. Ningesema kwa ufupi, lakini nani alimpa mtu wa makala kipaza sauti akasema kwa ufupi? Nikaeleza nilivyoitafuta ile picha, nikaeleza upendo, nikafunga kwa sauti nzito: "Kwa ajili ya mama huyu, sikuangalia gharama!"

Makofi. Vigelegele. Nikaketi nikijisikia mtu.

Ndugu wa Mwanza wakapiga simu wanataka kuona kwa video. Wambura, kwa kusaidia, akaiunganisha kompyuta na intaneti ya simu yake ili nao waonekane kwenye shuka. Mimi huku nyuma sikujua. Ningejua ningepiga kelele ya moto.

Picha zikaanza. Wajukuu. Makofi. Mama akiwa shambani. Makofi. Kisha Marwa akasema, "Na sasa, mzee wetu." Baba mkwe akatokea kwenye shuka: shati jeupe, mikono nyuma, kofia imelala upande. Kabla watu hawajavuta pumzi, kisanduku chekundu kikaruka na kutua usoni pake. Kilimfunika kuanzia kofia hadi kidevu, kama kilipimwa.

Na yule mwanamke akasema kwa Kiingereza, kupitia spika mbili za kanisa.

"Tahadhari!" Marwa akatafsiri. "Hatari imeonekana!"

"Hatari gani tena, Mwinjilisti?" akauliza shangazi wa mke wangu, ambaye hajawahi kunikubali.

"Wambura!" nikaita kutoka mlangoni. "Kifunge! Bonyeza alama ya kufunga!"

"Ipi?"

"Juu kulia!"

"Ziko mbili!"

"Ile ndogo!"

Akabonyeza kubwa. Ukurasa mpya ukafunguka, mpana kuliko shuka, na yule mwanamke, kwa kuwa alikuwa amenyamazishwa muda mrefu, akaanza kumwaga yote. Marwa naye akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu mteja, unatumia toleo la bure."

"Mwinjilisti, hiyo usitafsiri!"

"Profesa, mimi natafsiri kinachosemwa," akasema, kisha akaendelea na tafsiri: "Tulikukumbusha mara nyingi, nawe ukajibu: hapana, niache hivihivi bila ulinzi."

Watu wakaanza kugeuka, benchi moja baada ya jingine. Mke wangu hakugeuka. Niliona tu mabega yake yakipanda.

"Wapendwa wako wanastahili kilicho bora!"

"Amina!" akaitikia bibi mmoja aliyekuwa amesinzia.

"Shemeji," Wambura akauliza kutoka mbele, na nadhani aliuliza kwa nia njema, "si umesema hukuangalia gharama?"

"Hakuangalia kweli," shangazi akasema. "Alifumba macho."

Kanisa likaanguka! Walicheka hadi mablanketi ya madirishani yakatikisika. Wa Mwanza nao wakacheka ndani ya simu. Ningekuwa jirani na tundu lolote ningeingia.

Kisha kicheko kikakatika, maana mama mkwe alikuwa amesimama. Alikwenda taratibu hadi kwenye shuka, akanyoosha mkono, akaupapasa ule wekundu.

"Yuko wapi?" akauliza. "Mimi naona nyekundu tu. Ndiye huyu?"



Sijui niliondokaje kwenye benchi. Nilipita katikati ya kanisa, nikampita shangazi, nikampita Wambura, nikapita mbele ya mama mkwe (mbele yake!), nikainamia kompyuta. Nikafunga ukurasa, nikafunga kisanduku, nikakata intaneti. Nikajinyoosha kuangalia kama picha imerudi.

Sura bado haikuonekana. Sasa ilifunikwa na kitu cheusi, cha duara, chenye masikio.

"Profesa!" Marwa akanguruma. "Hicho ni kichwa chako! Shuka chini!"

Nilikuwa nimesimama katikati ya mwanga wa projekta. Nikajitupa chini bila kuchagua mahali, na mahali penyewe pakawa miguuni pa mama mkwe, kabisa, shavu langu likigusa kiatu chake. Mwanamume wa umri wangu! Nilitaka kuinuka. Nikawaza: nikiinuka namfunika tena mzee. Nikabaki.

Mama aliangalia. Alisogea hadi pua ikakaribia shuka, akarudi nyuma, akasogea tena. Kivuli chake kilipita kifuani pa mzee, mabegani, lakini uso ulibaki wazi.

"Ndiye," akasema.

Kisha akaanza kucheka polepole, machozi yakimtiririka. "Kofia alikuwa anaivaaga hivyo kuficha upara. Alifikiri sijui."

Sikumbuki nilikaa pale chini muda gani. Nakumbuka vumbi la saruji, na mtu wa Mwanza akiuliza simuni, "Huyo aliyelala ni nani? Amezirai?" Mimi sikuwa na nafasi ya kumjibu.

Mama aliporidhika alirudi kitini. Akaniona chini, au aliona kitu kikubwa kimelala. Akamwita Marwa, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu hata mkwe akiwa ametoka kulalia kiatu chako.

"Mwinjilisti, mwambie mkwe wangu amenipa mume wangu. Nimeshukuru."

"Profesa, mama anasema ameshukuru," akatafsiri Marwa, kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili.

"Mwambie hiyo picha aniwekee kwenye fremu, kubwa, niwe naipapasa hata nikishindwa kuiona."

"Anataka fremu."

Mama akafikiri kidogo.

"Na mwambie asiniletee ya bure."

Hiyo Marwa aliitangaza kwenye kipaza sauti, mara mbili.

Nimechoka, marafiki. Mke wangu yuko sebuleni analipia antivairasi kwa simu yake, haniulizi chochote. Mkitaka kucheka, chekeni kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini. Mwinjilisti amekuja kula na ameketi karibu na mlango.