Mgahawa wa Asili na Picha ya Mjomba

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata wazo! Siku hizi watu hawafuati chakula, wanafuata mandhari. Mgahawa wangu naugeuza nyumba ya kale: mteja akivuka kizingiti tu, ajione yuko kwa babu yake. Jumapili anapita Mjomba, mwenye jengo, kuamua: niendelee mimi, au chumba ampe Kitambi, yule wa mgahawa wa ng'ambo ya barabara anayetaka kutanua biashara. Kitambi ana meza za vioo na televisheni. Asili hana hata chembe. Nimeshamshinda.

Jumatano, 5 Juni

Meza na viti nje vyote. Nimetandika mikeka. Umeme nimezima, nimewasha kandili. Mbele nimefunga turubai, nyumba ya kale lazima iwe na kivuli. Viatu vinavuliwa mlangoni. Mke wangu, ambaye ndiye mpishi, akasimama na mwiko wake, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema pamepooza. Nikamwambia huko si kupooza, ni utulivu. Akasema haya, lakini panamkumbusha mahali fulani. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya sanaa. Akarudi jikoni akisonya.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimejipiku mwenyewe! Mandhari ilikosa mzee wa ukoo. Nikachukua picha ya Mjomba, ile aliyopigwa akiwa na koti, nikaikuza ikawa kubwa kama mlango. Nimeitundika ukutani, kandili chini yake, maua pembeni. Akiiona atatoa machozi, na chumba ni changu! Mke wangu akashika kichwa, akaanza kusema inaonekana kama vile... Nikamkatiza. Wivu tu, maana picha yake yeye sijawahi kuikuza.

Jumamosi, 8 Juni

Wamejaa! Wanavua viatu bila kuambiwa. Wanaingia kimyakimya, wanakaa mkekani, wanaitazama picha, wanatikisa vichwa. Sanaa imewaingia! Mama mmoja kanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia pole sana, nijikaze. Nikamshukuru, nikamwambia kweli kazi ilikuwa nzito.

Wakala, wakashiba, wakaondoka. Hakuna aliyelipa! Nikamfuata mzee mmoja hadi kwenye viatu vyake, nikamwomba hela ya chakula. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Kesho nasimama mlangoni mwenyewe. Hatoki mtu.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwisha! Mchana nimeziba mlango, nawadai waliokula, sauti juu. Ndani Kitambi, Kitambi huyohuyo, kapiga magoti mbele ya picha, analia kwa kwikwi kwamba mzee alikuwa mtu wa watu. Yule mama wa jana akanijia juu: nina roho gani mimi, kuuza chakula cha msibani, mjomba wangu hata hajazikwa?

Nikauliza, mjomba gani? Nikageuka. Mjomba alikuwa nyuma yangu, na koti lilelile. Wawili wakazimia. Mmoja akatoka mbio na viatu vya mwenzake.

Nikajaribu kumweleza Mjomba habari za mandhari. Wapi! Alisema amefika kwenye matanga yake mwenyewe, akamkuta jirani analia na mpwa wake anauza chakula. Chumba kapewa Kitambi. Imeniuma, sikatai. Mke wangu kachukuliwa hukohuko, mpishi mkuu. Ndiye aliyeniombea kazi ya kuosha vyombo.

Jumatano, 12 Juni

Kuosha vyombo kunampa mtu nafasi ya kufikiri. Kosa langu nimelijua: nilitundika picha ya mtu asiyefaa. Mwenye mgahawa sasa ni Kitambi, na pale juu ya televisheni pana ukuta mtupu kabisa. Akiona ninavyomheshimu, ataniachia mapambo yote ya chumba kipya. Leo alipolala baada ya kula nimempiga picha. Amefumba macho, ametulia, mikono kifuani, anapendeza kweli. Nimeipeleka ikakuzwe. Kandili ninalo, maua nimeagiza. Mke wangu sijamwambia, atashika kichwa tu.