Tundu Yangu Haivuji

Jumatatu, 3 Machi 2025
Boti ya mzee Conrad wa Kanombe iko hapa kwa atelie yetu, Kimisagara. Anataka sona mbili, mashine ya kutafuta samaki, chini ya boti, moja kila upande, aone samaki wa ziwa Muhazi. Bosi wetu, madame Xavérine, amesema Bruce atoboe tundu ya sona kushoto, mimi kulia. Mwenye atafanya vizuri anakuwa fundi. Mwingine anabaki na msasa.
Miaka mitatu niko na msasa. Bruce ana miezi minne na cheti. Nilitaka kusema hiyo. Nikasema sawa madame.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwangalia Bruce siku nzima. Mwizi wa muda. Boti iko faiba juu, faiba chini, katikati mti laini kama mkate. Ametoboa tundu kubwa, amekwangua mti pembeni yote, amejaza gundi, ameenda kunywa chai. Eti gundi ikauke, kesho atatoboa tena palepale. Nani anatoboa, anaziba, halafu anatoboa tena?
Mimi mara moja tu. Silikoni kwa nje, sona ndani, nati nimekaza mpaka faiba imelia. Saa moja, kwisha. Madame amesema sha, leo umeamka. Bruce ameniuliza kama mti nimeuziba na gundi. Nimejifanya natafuta spana.

Jumatano, 5 Machi
Bruce amemaliza leo. Nati amekaza polepole, kama anafunga chupa ya mtoto. Tumejaza maji ndani ya boti mpaka magotini. Nimelala chini, natazama. Yake kavu. Yangu kavu. Lakini mimi nilimaliza jana!
Madame amesema maji ikae mpaka asubuhi. Nimempigia mama, nimemwambia mimi ni fundi.

Alhamisi, 6 Machi
Maji imetoka. Si kwangu. Imetoka kwa skrubu za ngazi, nyuma kabisa, mita mbili kutoka kwangu. Matone ya rangi ya chai.
Bruce akagonga boti na mpini ya nyundo, kuanzia sona yangu mpaka ngazi. Poto, poto, kama kopo ya uji. Upande wake, ko, ko. Akasema maji imeingia kwa tundu yangu, imetembea ndani ya mti. Imetembea. Maji ina miguu?
Madame akaniuliza, umva, sikia Cyusa, gundi uliweka? Nikasema silikoni niliweka. Mzee Conrad, amekuja kuona boti yake, akasema alileta boti, sasa anarudishiwa sifongo. Wakacheka.
Bruce ni fundi. Mimi nimepewa msasa, na kazi ya kufungua upande wote wa kulia, nitoe mti yenye maji.

Jumamosi, 8 Machi
Mama amepiga simu. Ameshaambia mtaa mzima wa Gitega kwamba mtoto wake ni fundi. Sikumkatalia.
Bruce amenifundisha vile gundi inajazwa, polepole, kama niko shule ya nasari. Nimeitikia eeh, eeh. Halafu wote wameenda kula.
Sijafungua kitu. Skrubu za ngazi nimeziziba zote na silikoni, tyubu mbili. Sasa maji itatokea wapi? Tundu yangu sijaigusa, haina kosa. Jumatatu wajaze maji tena, wajionee wenyewe.