Mgonjwa wa Chumba cha Nyuma

Leo nimeumbuka, jamani. Na kabla hamjaanza kunipa pole zenu za kinafiki, jueni kwamba nina hasira. Nina hasira na mafundi gereji, nina hasira na muuzaji wa Dar, nina hasira na mke wangu kwa sababu alikuwa sahihi (hilo ndilo linaloniuma kuliko yote).

Wengi mnanifahamu humu. Mimi ni yule mtu wa Sakina anayefuga samaki wa maji chumvi. Ndiyo, Arusha hii hii. Ndiyo, najua bahari iko wapi. Maji nayachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu na nayapima kila siku. ("Si ungeweka magadi tu?" Kila mtu wa mji huu ameshaniuliza hilo. Kila mtu! Nimechoka.)

Jana alinifikia kipepeo. Si wa kwenye maua. Huyu ni samaki wa baharini, wa njano, bapa kama kisosi, na ana mstari mweusi unaopita jichoni. Alikuja kwa basi kutoka Dar ndani ya mfuko wa maji, na muuzaji aliniapia kwamba "bosi, huyo ni mzima kama chuma." Nikamweka kwenye tangi dogo chumba cha nyuma, peke yake, maana samaki mgeni hachanganywi na wenyeji kabla hujajua amekuja na ugonjwa gani. Humo mna maji, pampu ya hewa, na kipande cha bomba la plastiki la kujifichia.

Asubuhi nikaenda kumwangalia. Amejibanza ndani ya bomba. Sawa, kujificha siku ya kwanza si neno. Hata wewe ukitikiswa kwenye basi siku nzima ndani ya mfuko, utatafuta pa kujificha. Lakini huyu alikuwa anahema mbiombio, matamvua yanafunguka na kufungika bila kupumzika. Mapezi ameyabana mwilini. Njano yake imepauka kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Nikamtupia chakula, hakugeuka hata kukitazama.

Hizo ndizo dalili za samaki aliyeelemewa, na aliyeelemewa ndiye maradhi humshika upesi. Kinachofuata ni kujikuna kwenye kila kitu, halafu madoa meupe kama chembe za chumvi, halafu unamkuta anaelea. Wawili nimeshawapoteza hivyo. Niliwalilia, na sioni aibu kusema.

Tiba ya kwanza ni giza na utulivu. Nikafunga pazia. Nikazima taa. Nikaenda jikoni nikazima na redio.

"Baba Abi, redio imekukosea nini?" mke wangu akauliza.

"Kuna mgonjwa!"

"Mgonjwa ambaye unamchungulia na tochi kila ukipita? Mwache apumzike. Wewe ndiye unayemsumbua."

Nikamwambia asinifundishe kazi. Nikarudi kuchungulia na tochi.

Sasa, kati ya siku zote za Mungu, leo ndiyo ilikuwa siku ya posa ya mdogo wangu Gladness. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo mimi kaka mkubwa ndiye ninayepokea wageni. Watu wa Elibariki walikuwa waje mwezi uliopita, wakapata msiba, ikaahirishwa. Gladness alilia wiki nzima. Safari hii amesuka, ameshona gauni, amefua mpaka mapazia ambayo hayakuwa machafu. Wageni walikuwa wanashuka kutoka kwao mlimani, na kila mtu aliniambia kazi yangu ni moja tu: kukaa kwenye kochi na kuwa mpole.

Ningekuwa mpole, wallahi (na mimi ni Mlutheri, lakini kuna vitu vinahitaji wallahi), kama si gereji ya jirani. Ilipokaribia saa ya wageni wakaanza kunyoosha bati la mlango wa basi. Paa! Paa! Paa! Kila nyundo ikitua, maji ya tangi yanatetemeka, na kipepeo wangu anajigonga ndani ya bomba. Nikatoka na ndala moja mguuni.

"Nyie! Hamna adabu? Kuna mgonjwa humu ndani!"

Fundi mkuu akashusha nyundo. Akavua kofia. "Aisee, pole sana braza. Hatukujua. Ni nani?"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ningesema samaki, wangegonga bati mpaka jua lizame, tena kwa furaha. Nikasema, "Ni mgeni wangu. Amezidiwa." Wakaweka vifaa chini. Wengine wakakaa kimya kwenye matairi kama watu walio msibani. Nikarudi ndani nikijisikia mshindi.

Ushindi haukudumu. Wageni walipofika, mafundi wakawawahi getini. "Wazee, ingieni taratibu, humo kuna mtu mahututi." Kwa hiyo nilipofungua geti sikukuta nyimbo wala vigelegele. Nilikuta watu wazima wamevaa suti zao za kanisani, wamebeba mkungu wa ndizi na chupa za maziwa, wananyata.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia kiongozi wao, Mzee Anaeli, baba mkubwa wa Elibariki.

"Marahaba, mwanangu. Pole na mgonjwa," akanong'ona.

Nyuma yake alikuwa shangazi wa Elibariki, mama mwenye sauti ambayo nilishaionja kwenye simu. Sauti ile ingetosha kumuua kipepeo, pampu na mimi. Nikafikiri haraka. Nikafikiri vibaya. "Asante mzee," nikasema. "Naomba tu tusipige vigelegele."

Tukaketi. Mke wangu akaleta chai. Gladness alikuwa chumbani kwake anasubiri kuitwa, na nilijua anahesabu pumzi. Mzee Anaeli akaweka kikombe chini bila kunywa.

"Mgonjwa ni nani, mwanangu?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu. Lakini niliwatazama, suti zile, nyuso zile za huruma, ulimi ukakataa. "Ni mgeni, mzee. Amefika jana kutoka Dar."

"Anasumbuliwa na nini?"

"Anahema kwa shida. Na hajala tangu afike."

"Ni mtu mzima?"

"Bado mdogo."

Shangazi akashika kifua. "Yesu wangu! Mtoto!" Mke wangu, amesimama na birika mkononi, alinitazama kwa jicho ambalo waliooa wanalijua.

"Basi mambo yetu yasubiri," akasema Mzee Anaeli. "Hatuwezi kukaa hapa tunapanga harusi huku mtoto anahangaika na pumzi ukuta wa pili. Kwanza tumwone. Tumwombee."

Nikanyanyua mikono. "Haonwi, mzee! Akiona watu anazidiwa."

"Ndivyo daktari alivyosema?"

"Ndivyo." (Daktari ni mimi.)

"Asiyekula anapikiwa mtori," akasema shangazi, na alishafika jikoni. Nikasikia kisu. Mkungu ulioletwa kwa heshima ya posa ukaanza kumenywa kwa ajili ya samaki. Na mke wangu, mwanamke niliyeapa naye madhabahuni, hakusema neno. Alimpa sufuria! Baadaye nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Si ulikataa kufundishwa kazi?"

Nikajaribu kuokoa jahazi. "Wazee, nafikiri tungeendelea tu na kilichotuleta. Mgonjwa yuko salama."

Mzee Anaeli akanigeukia. "Mwanangu, una haraka gani ya kumwoza dada yako wakati mgeni wako anapigania roho?"

Tukakaa tunanong'ona habari za mvua na kahawa, harufu ya mtori inajaa nyumba, na mimi nafikiria kipepeo wangu gizani bila mtu wa kumchungulia.

Mtori ukaiva. Shangazi akatoka jikoni na bakuli linalofuka moshi, hakupita sebuleni, akanyoosha koridoni moja kwa moja. Niliruka kochi. Nilimpita nikijibana ukutani, nikasimama mlangoni nimetanua mikono.

"Shangazi, hapana!"

"Nimpe kijiko kimoja tu, baba."

"Nimesema hakuna kuingia! Nyie watu mkoje? Hamuelewi? Mtamuua!"

Hiyo ndiyo sauti yangu halisi. Siku nzima nilikuwa nimeifungia kifuani, na ilipotoka ilitoka yote. Mpaka gereji waliisikia.

"Nitamuua kwa mtori?" shangazi akauliza polepole.

Mzee Anaeli akaja, na nyuma yake wengine wote. Huruma ilishaondoka usoni. "Mwanangu," akasema, "humo ndani umemfungia mtoto wa nani?"

Mungu wangu. Sasa nilikuwa mtekaji. Gladness akatokea na gauni lake jipya, amesikia kelele. "Nani anaumwa?" akauliza. Akautazama mlango niliokuwa nimeukinga. Akanitazama mimi. Nikaona anaelewa, na nikaona macho yake yanajaa maji, na hapo mikono yangu ikashuka yenyewe.

Mzee Anaeli akafungua. Giza. Akapapasa ukutani, akawasha taa.

Hakuna kitanda. Kuna meza, na juu ya meza kuna tangi la maji, na ndani ya tangi kuna bomba. Pampu inatoa povu lake taratibu. Shangazi akainama na bakuli lake, akaangalia chini ya meza.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Yumo ndani ya bomba," nikasema.

Mzee Anaeli akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Ndani ya bomba jicho moja likamtazama.

"Huyu?"

"Ndiyo, mzee."

"Huyu ndiye hajala?"

"Tangu jana, mzee." Halafu, jamani, sijui nini kiliniingia, nikaongeza, "Naomba usikisogelee sana kioo."

Shangazi alilitazama bakuli. Akalitazama tangi. "Kwa hiyo mimi," akasema, "nimekaa jikoni na nguo ya sikukuu, nakipikia kitoweo?"

Mimi nilikuwa nasubiri wacheke. Wangecheka, ningecheka nao, tungerudi sebuleni na Gladness angeitwa. Hawakucheka. Mzee Anaeli akazima taa, akafunga mlango taratibu kabisa, kama mtu anayeufunga kwa ajili ya mgonjwa wa kweli, akarudi kwenye kochi. Nikaanza kuomba msamaha. Akanyanyua kiganja.

"Nani alisema humu kuna mgonjwa?"

"Mimi, mzee."

"Tumeingia, tumemkuta. Kweli anaumwa. Hata mimi nimeona anavyohema." Uso wake haukuwa na mkunjo hata mmoja wa mzaha. "Sisi hatuwezi kumfanya mwenye nyumba kuwa mwongo. Kwetu penye mgonjwa hakuposwi. Akianza kula, mtatuita."

"Mzee, lakini ni samaki!"

"Umemwita mgonjwa. Sisi tutakuheshimu."

Wakasimama. Shangazi alimaliza mtori wake pale pale, kijiko kwa kijiko, akinitazama. Getini nikasikia fundi mkuu akiuliza kwa sauti ya msiba, "Vipi hali yake, mzee?" Mzee Anaeli akajibu, "Bado hajala. Endeleeni kumwombea." Walipokata kona ndipo nilipovisikia vigelegele vya shangazi, na kicheko cha gari zima. Halafu gereji nayo, kumbe walishanong'onezwa getini, ikalipuka. Kuna mtu alipiga bati kwa furaha.

Gladness hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi, akanionyesha koridoni. "Nenda kamlishe," akasema, akajifungia.

Ndiyo maana mnaniona mtandaoni saa hizi. Nimekaa sakafuni chumba cha nyuma, gizani, na kipande cha kamba wa baharini kwenye ncha ya kijiti. Sitaki tochi tena. Njano yake imerudi kidogo na anahema polepole zaidi, lakini chakula anakitazama kama mtu aliyetukanwa. Nina hasira za kubomoa ukuta na siruhusiwi hata kukohoa. Elibariki naye ameshanitumia ujumbe: "Shem, mgonjwa vipi? Hata maji amekunywa?" Mke wangu ameusoma akatoka kwenda kucheka nje (angalau ametoka nje).

Kwa hiyo wajuzi wa samaki mlioko humu, nisaidieni: kipepeo anayesusa anabembelezwa na nini? Nijibuni haraka, kuna bibi harusi anasubiri. Wengine wote naomba msicheke, na atakayecheka simwaliki, ila kadi zenyewe tutazichapa samaki akishiba.