Vidoti Tisa vya Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Maonyesho ya mwanangu yamefunguliwa leo! Nimevaa gauni la zambarau, nimelishona mwenyewe siku nne, nikajiandaa kuulizwa mimi ni nani. Hakuna aliyeuliza. Nikawaambia hivyo hivyo. Nimemwambia mlinzi. Nimewaambia wageni waliokuja na wageni waliokuwa wanaondoka. Nimemwambia na bwana mmoja aliyekuwa anatafuta choo. Mimi ndiye mama wa mchoraji! Picha kumi, ukuta mzima wa kulia!

Tunamwita Kitinda kwa sababu ndiye kitinda mimba wetu, ingawa sasa ana miaka ishirini na sita. Mkono wa kuchora kautoa kwangu. Mimi ni fundi cherehani, nakata kitambaa kwa jicho tu. Baba yake hata ukimpa rula mstari unapinda.

Mwenye jumba hili la sanaa wanamwita Madamu. Mrefu, hacheki. Amesema mbele yangu kwamba maonyesho ni mpaka Jumamosi. Ikiuzwa hata picha moja ya Kitinda, atamchukua awe mchoraji wa hapo, na mwakani atampa chumba chote peke yake. Isipouzwa hata moja, ukuta una foleni ya wachoraji wengine. Na Kitinda kamwahidi baba yake kuwa mambo yakigoma ataenda kugonga mihuri ofisini kwa mjomba wake. Mihuri! Mkono ule!

Ukuta wa kushoto wamempa kijana mmoja anayechora kwa mkaa. Viti. Michoro minane, yote viti, na hakuna aliyekaa. Mama yake ni mwalimu mkuu mstaafu, miwani yake ina mnyororo. Nimempa jina la Mama Miwani. Ameniuliza kama na mimi nimesomea sanaa. Nikamjibu sikuisomea, nimeizaa.

Hapo nilikuwa juu kabisa. Kisha nikafika kwenye kona.

Picha ya kumi ya Kitinda, hii ya mkaa, imeandikwa "Mama Amechoka". Mwanamke kalalia cherehani, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, mdomo wazi kama mlango wa duka, na pale juu, pengo! Nikauliza huyu ni nani. Mzee wangu akasema yeye anamfahamu, analala naye mwaka wa thelathini na tano sasa.

Mimi silali mdomo wazi. Naandika hapa ili ijulikane.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga duka mapema nikaenda kuangalia ukuta wetu. Penye mlango kuna ua kubwa la chunguni, majani mapana kama ungo. Nimelisukuma kidogo kidogo kwa goti, nikijifanya natazama picha, mpaka likasimama mbele ya ile ya kona. Kazi safi. Sasa kilichobaki kuonekana ni sikio tu, na sikio langu halina kasoro.

Nikavuka kwenda kuvionea huruma viti. Pembeni ya kiti kimoja nikaona kidoti chekundu ukutani. Nikadhani uchafu. Mimi ni mtu wa usafi, nikatia mate kidoleni nikaanza kusugua. Dada wa mapokezi akaja mbio, mama, mama, acha! Akanieleza taratibu kwamba kidoti hicho ni stika. Picha ikishauzwa wanabandika moja, ili watu wajue ina mwenyewe.

Yaani kiti kimeuzwa!

Mama Miwani alikuwa nyuma yangu. Akakohoa. Kikohozi cha mtu asiye na mafua.

Ukuta wa Kitinda ni mweupe, hauna hata alama ya mbu. Nimemkuta ameketi kwenye benchi anaupitisha msumari wa fremu kidole hadi kidole. Akasema labda mihuri si kazi mbaya, Mama.

Jumatano, 5 Machi

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Wahenga hawakuwa na binti mchoraji.

Nimepata akili leo saa nne, nikipinda suruali ya mteja. Dukani kwangu gauni linaweza kuning'inia mwezi mzima bila mtu kulitupia jicho. Siku nikilibandika karatasi yenye jina la mtu, basi! Kila anayeingia analitaka lile lile. Hili la nani? Kwa nini yeye? Nishonee na mimi! Miaka ishirini na mbili ya cherehani imenifundisha kuwa watu hawataki kizuri, wanataka cha mwenzao.

Nikaenda duka la vifaa vya ofisi. Stika nyekundu za duara zipo, za kubandika kwenye mafaili. Karatasi moja ina ishirini na nne. Nikachukua.

Bahati ikaniangukia. Madamu kasafiri kufuata fremu, harudi mpaka Ijumaa. Dada wa mapokezi kaenda kuchemsha chai. Nikapita ukutani kama napima kiuno cha mteja, moja, mbili, tatu, mpaka tisa! Zimenyooka vizuri kuliko kile cha kwao. Ya kona sikuibandika. Ile nani aitake?

Dada karudi na birika, katazama ukuta, katazama birika, katazama tena ukuta. Akasema lo, kumbe Madamu kauza kabla hajaondoka, na mimi sikuona! Sikumjibu. Kunyamaza si kusema uongo.

Mama Miwani aliingia baadaye. Miwani ikashuka mpaka ncha ya pua. Nimelala vizuri sana. Mdomo umefungwa.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa tano kaingia bwana mmoja mfupi, kiatu kinang'aa, sauti ya upole. Daktari wa meno. Anatafuta picha ya chumba chake cha kungojea. Kasimama mbele ya ile kubwa ya buluu, ya bomba linalovuja juu ya beseni. Bomba ni la kwetu, Mzee ameahidi kulitengeneza miaka minne. Daktari kaganda pale. Kaenda mbele, karudi nyuma, kainamisha kichwa. Moyo wangu ukaanza kwenda kama cherehani ya mkesha wa Idi. Nunua, baba, nunua!

Kisha akaona kidoti. Akasema, "Ah, nimechelewa." Akatazama ya pili, kidoti. Ya tatu, kidoti. Akamwambia dada wa mapokezi haya, mnunuzi akighairi na bomba likirudi, unipigie, akaacha namba.

Nikangoja aseme achorewe jingine kama lile. Nilimfuata hadi mlangoni, nikamwambia si anaweza kuagiza la kwake? Akanitazama kwa huruma, akasema mama, picha si gauni. Iko moja tu.

Iko moja tu! Kwa nini hakuna mtu aliyeniambia? Gauni nikikata la kwanza, pateni yake ya karatasi inabaki, nakata la pili. Bomba pateni yake iko wapi?

Mume na mke waliokuja saa nane nao wakaondoka vivyo hivyo. Waliipenda ya kamba ya nguo. Nikasema sasa nabandua. Nimeshaingiza ukucha chini ya stika ya kwanza, Kitinda huyo! Dada wa mapokezi alikuwa amempigia simu kuhusu vidoti. Alisimama katikati ya chumba, mikono kichwani, akaanza kulia, mwanangu, machozi ya furaha. Akanikumbatia. Akasema Mama, nimeshampigia mjomba, nimemwambia ile kazi ampe mtu mwingine.

Ukucha nikaurudisha mfukoni.

Nimekuja nyumbani nikamweleza Mzee yote. Hakugomba, na hapo ndipo nilipoogopa. Alichukua spana akaenda kutengeneza bomba.

Ijumaa, 7 Machi

Madamu karudi. Kafungua daftari la mauzo. Limeandikwa kiti kimoja, basi. Katazama kuta. Kamuuliza dada wa mapokezi wanunuzi wako wapi, na kama wapo, majina yao yako wapi. Dada akasema alidhani Madamu ndiye aliyeuza. Madamu akasema yeye alikuwa kilomita mia tatu kutoka hapo, na mtu asiyejua nani amenunua nini mezani kwake hafai kukaa kwenye meza hiyo. Dada akaanza kukusanya vitu vyake. Kikombe. Kitana. Sweta.

Mimi nilikuwa kwenye benchi. Nilikuwa na mlango karibu. Nilikuwa na mteja anayengoja suruali. Lakini lile sweta lina kiwiko kilichotoboka, na nilipokiona miguu ilinyanyuka yenyewe.

Nikasema ni mimi.

Nikaeleza yote. Pateni, karatasi ya stika, birika la chai. Nikasema binti huyu hana kosa, na mwanangu hana kosa, kosa ni langu na la mtu aliyevumbua vidoti. Kitinda alikuwa amesimama karibu na ua. Akanigeuzia mgongo. Afadhali angenipigia kelele.

Madamu akamwambia dada arudishe kikombe mezani. Akaniambia mimi nibandue. Nikabandua, mbele ya watu. Dada akanisaidia, akaanzia ukuta wa kushoto. Kisha akahesabu kwa sauti. Kumi na tano.

Mimi nilibandika tisa! Kiti kilichouzwa kweli kina kimoja. Jumla kumi. Vitano vingine?

Vyote vilikuwa kwenye viti.

Mama Miwani akavua miwani akaanza kuifuta, akaifuta, akaifuta. Hatimaye akasema aliona kwetu vinaongezeka, akadhani ndio utaratibu. Mwalimu mkuu! Mtu aliyechapa watoto kwa kuibia majibu! Nikamsogezea nafasi kwenye benchi, akakaa. Tulikaa bega kwa bega. Kusema kweli, sijawahi kumpenda mtu haraka hivyo.

Madamu akasema hajapata kuona kitu kama hiki tangu afungue jumba lake. Na kwamba Jumamosi ni Jumamosi, haisogei.

Kitinda amerudi nyumbani kwa miguu, mbele yangu, hatua ishirini.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya mwisho. Nimevaa gauni la kijivu. Nimekaa benchi la nyuma na kinywa changu nimekifunga.

Mpaka saa saba, hakuna kitu. Watu wawili waliingia kukwepa mvua. Mjomba alishapiga simu asubuhi, yule mtu mwingine hajaanza, kazi ipo bado.

Saa nane na nusu kaja Daktari wa Meno! Dada wa mapokezi ndiye aliyempigia, kamwambia bomba limerudi. Binti niliyetaka kumponza! Sweta lile nitaliwekea kiraka, viwiko vyote viwili.

Daktari akaenda moja kwa moja kwenye bomba. Akatazama. Akarudi nyuma aone vizuri, akarudi tena upande wa kona, kisigino kikagonga chungu cha lile ua. Ua likayumba, akageuka kulidaka. Akabaki amelikumbatia, uso kwa uso na mimi. Yaani yule wa ukutani.

Akaanza kucheka. Si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyekutana na rafiki stesheni. Akavua miwani akafuta macho. Akasema wagonjwa wake wanaingia wamebana meno kama wamekuja kuibiwa, na miaka yote anatafuta kitu cha kuwaambia wasiogope. Huyu hapa kafungua mdomo na hana habari na dunia! Bomba akaliacha. Anataka hii.

Nikasema moyoni, Mungu wangu, si hii.

Madamu akashika kalamu. Kitinda akamzuia. Tangu jana hakuwa amenisemesha. Akaja mbele yangu akachuchumaa, akanishika magoti. Akasema Mama, nilikuchora bila kukuuliza, nimekosa. Ukisema hapana, haiuzwi, na sitanuna. Nilikuchora kwa sababu ulikuwa unashona gauni la mtu ili mimi ninunue rangi, ukalala hapo hapo.

Nilitazama ile picha kwa mara ya kwanza bila kutazama pengo. Mkono wangu uko bado kwenye gurudumu la cherehani. Nimelala, lakini mkono haujalala. Aliuona, mtoto huyu.

Nikasema iuzwe. Ila niliomba jambo moja, Kitinda aniongezee jino. Daktari akasema jino ataniwekea yeye mwenyewe kliniki, zawadi, lakini pengo la kwenye picha libaki hivyo hivyo.

Madamu akaandika. Kisha, nami naapa, akacheka! Akamwambia Kitinda mwakani chumba chote ni chake. Akanipa mimi kidoti kimoja kutoka mezani kwake. Akasema, "Haya, Mama Kitinda, bandika. Hiki ni cha kweli." Nikakibandika. Kimepinda.

Mama Miwani alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi kama pamba. Mwanangu kanishika mkono njia nzima. Bomba halivuji. Nimelala saa kumi na moja jioni. Mzee anasema mdomo ulikuwa wazi. Hajui anachosema.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeenda kliniki kupimwa jino. Nipo ukutani! Nimekaa chini yangu mwenyewe, nikiwa na gauni la zambarau. Wagonjwa saba, wote nimewaambia. Mmoja alikuwa na shavu limevimba, hakuweza kujibu, lakini macho yake yalinipongeza.

Nimefikiri sana kuhusu mambo ya wiki iliyopita. Ukiyapima vizuri, bila vidoti vyangu daktari angenunua bomba Alhamisi akaenda zake, na pasingekuwa na cha kucheka. Na ua nani alilisukuma? Sisemi kitu. Nasema tu pateni ilikuwa sahihi, kasoro ilikuwa kwenye mshono.

Sasa, chumba cha daktari kina picha nyingine mbili, ya maporomoko ya maji na ya paka ndani ya kikapu. Zimechapwa kiwandani. Zinachukua nafasi bure, na bomba la mwanangu lingekaa pale vizuri mno.

Karani alitoka kidogo kufuata maji. Kwenye pochi nilikuwa na stika kumi na tano.

Zimebaki kumi na tatu. Daktari akidhani picha zile zina wenyewe, atazishusha.