Kiko cha Ata Nakaale

Jumatatu, 3 Machi 2025
Naandika mlango ukiwa na komeo. Leo kimeingia mikononi mwangu kiko ambacho sijawahi kuona mfano wake.

Aliyekileta ni Ata Nakaale, mama mzazi wa Esekon, mwenye ploti ninayopanga hapa Lodwar. Ata ni bibi kwa Kiturkana, lakini huyu si bibi wa kuchezea. Wapangaji wanasema mchuuzi mmoja wa mkaa alimdhulumu, Ata akamlaani, na laga, ule mto mkavu, ikafurika ikameza lori lake. Mimi ni kijana wa Thika. Mambo ya laana siyaamini. Mchana siyaamini.

Kiko kilikuwa cha marehemu mumewe, zawadi ya padre mmoja wa zamani. Mti mgumu, mzito, mishipa yake inaonekana. Mrija tu umepasuka. Akaniambia, "Wewe Njenga, funga hapa. Ndani usiguse. Ndani iko mzee." Yaani masizi ya tumbaku ya mumewe, miaka yote ile.

Chini ya kitanda nina katoni nzima ya viko. Vibovu vyote, vya bei ya kutupa, nimevigundisha, nikavipiga msasa na nta. Hakuna hata kimoja cha kufua dafu mbele ya hiki. Barasa wa hardware, anayekusanya viko na kujiita mtaalamu, naye hana. Lazima kiwe changu!

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda Kakuma kwa Serge, Mkongomani anayechonga vinyago kambini. Nimemwomba anichongee pacha wa kiko. Akauliza ni cha nani. Nikasema urithi wangu. Akanitazama, akasema kwao mtu hatafutii urithi wake pacha. Lakini amekubali, akakipima.

Stendi kulikuwa na mbuzi mweusi. Alinikodolea macho mpaka nikahama benchi. Mbuzi wa nani yule?

Alhamisi, 6 Machi
Pacha amefika na basi. Serge si mtu wa mchezo! Nimempasua mrija kidogo, nikamfunga waya wa shaba. Ungeapa ni kile kile, kimetengenezwa.

Balaa moja tu. Ndani ananukia mbao mpya. Hana mzee. Ikabidi mzee niwe mimi, na tangu nizaliwe sijavuta. Nimejaza tumbaku kali ya sokoni, nikavuta, nikajaza tena. Dunia ikazunguka. Nimetapika kwenye karai. Esekon akabisha mlango kuuliza kama mimi ni mgonjwa. Nikamwambia ni maharagwe.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu wangu.

Nimempelekea pacha. Akakaa mlangoni, akajaza, akawasha, akavuta. Akavuta tena. Hatimaye akasema mzee leo amekuwa mkali kidogo. Akaniita karibu, akanishika kichwa, na ptuu! Mate yenye tumbaku, kwenye paji la uso. Ptuu! Kifuani. Huku akinong'ona maneno ya Kiturkana.

Nimelaaniwa! Amejua!

Hofu ikanipeleka moja kwa moja kwa Barasa, nikamwaga mtama wote. Akavua kofia kama yuko matangani. Akasema hata kwao Bungoma wazee hutema, kwa hiyo anajua anachosema. Nimekwisha. Dawa ni moja tu, nirudishe kiko na kuungama mbele za watu. Barasa ana roho nzuri kumbe.

Jumamosi, 8 Machi
Tumbo linauma. Laana au tumbaku? Simu imezima yenyewe. Mbuzi mweusi kama yule wa Kakuma amelala nje ya mlango wangu. Nimeshinda ndani.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa Ata alikuwa ameketi na wanawake wenzake. Nimepiga magoti, nimetoa kiko halisi, nimesema yote. Mama mmoja akauliza, sasa aliyekuwa ndani ya kile kingine ni nani. Nikajibu ni mimi. Wakaangua kicheko.

Esekon alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia mate ya wazee ni baraka, mama yake alikuwa akinishukuru kwa kazi nzuri. Na laana je? Akaacha kucheka. Akasema mama yake akikasirika hatemi kitu, hunyamaza tu.

Ata alikuwa amenyamaza.

Nyuma ya watu nikamwona Barasa, mikono kifuani, anatabasamu. Ndiye aliyepewa sasa kiko halisi akifunge mrija. Roho imeniuma! Nikamsihi Ata anitemee tena, hata kidogo.

"Mate imeisha," akasema.

Jumatatu, 10 Machi
Sijalala, lakini nimejifunza. Kosa langu lilikuwa moja tu, kumwamini Barasa.

Serge bado ana vipimo. Atachonga pacha wa pili. Barasa akienda kula mchana, naingia hardware, nabadilisha, natoka. Ata atavuta, atakuta mzee hayumo, na atakayenyamaziwa ni Barasa. Mimi nitakuwa wapi? Nyumbani kwangu, na kiko changu.

Basi la Kakuma linaondoka saa mbili. Mbuzi bado amelala mlangoni. Nitatokea dirishani.